Mjumbe, Mshenga na Kura ya Machi
Hotuba kwa raia wapya wanaozungumza Kiswahili, Portland, Maine

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana, hamjambo. Nawaona waliotoka Lewiston, na nawaona waliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya kazini. Asanteni kwa kuja na baridi hii.

Wengi wetu tulisoma yale maswali 100 ya mtihani wa uraia. Tuliyakariri jikoni, tuliyakariri kwenye basi. Swali moja linauliza sheria kuu ya nchi ni ipi, na jibu lake ni Katiba. Jingine linauliza vyama viwili vikuu vya siasa ni vipi, na jibu lake ni Democratic na Republican. Tuliyajibu tukapita. Ila mtihani haukutuambia kwamba majibu hayo mawili hayakutani popote. Chukueni Katiba ya Marekani, isomeni kuanzia neno la kwanza hadi marekebisho ya 27: vyama vya siasa havimo. Havikutajwa kwa jina popote. Hata hivyo, hakuna hatua ya kumpata rais wa nchi hii ambayo haikufinyangwa na mikono ya vyama.

Naanzia hapo kwa sababu ya kijana mmoja. Alipiga kura ya mchujo, ile ya kumpata mgombea wa chama, hapa Maine Machi 5, 2024, mara yake ya kwanza maishani, akamchagua Joe Biden. Julai 21 Biden akajitoa. Mwanzoni mwa Agosti wajumbe wa chama wakampitisha Kamala Harris kwa kura iliyopigwa kwa mtandao. Kijana akaja kwangu akaniuliza: "Mwalimu, kura yangu ya Machi ilikwenda wapi?" Siku ile sikumjibu sawasawa. Leo nataka nimjibu, na jibu lake inabidi nilianzie mwaka 1787.

Kiangazi cha mwaka huo watu 55 walikutana Philadelphia kuandika Katiba. Mengi waliyamaliza mapema, lakini suala la kumpata rais liliwasumbua hadi Septemba. James Wilson wa Pennsylvania alitaka wananchi wachague wenyewe. Wengine walitaka Bunge ndilo lichague. James Madison wa Virginia alikiri kwamba wananchi ndio wanaofaa, kisha akataja kikwazo: Kusini kulikuwa na watumwa wengi, na watumwa hawakupiga kura, kwa hiyo kura zikihesabiwa kichwa kwa kichwa Kusini itazidiwa. Njia ya wajumbe iliondoa kikwazo hicho. Kila jimbo lilipewa wajumbe wa uchaguzi kwa idadi ya maseneta na wawakilishi wake, na wawakilishi waligawanywa kwa hesabu iliyowatia watumwa watano kama watu watatu. Kwa sensa ya 1790, watu huru wa Virginia na wa Pennsylvania walikuwa karibu kulingana. Virginia ilipata wajumbe 21, Pennsylvania 15. Mtu aliyefungwa minyororo alimwongezea nguvu aliyemfunga. Hili naomba tusilipite haraka, maana nchi yetu hii mpya haieleweki bila yake.

Sasa hao wajumbe wangefanya nini? Wangekutana kila kundi jimboni kwake, wote siku moja, ili asiwepo wa kuwakusanya na kuwarubuni. Kila mmoja angeandika majina mawili, na angalau moja liwe la mtu wa jimbo jingine. Mwenye kura nyingi kupita wote, zikifika zaidi ya nusu ya wajumbe, ndiye rais. Anayemfuata ndiye makamu. Ikishindikana, Baraza la Wawakilishi litaamua, kila jimbo kura moja.

Kiswahili chetu kinamwita mtu huyo mjumbe, na neno hilo limesema kweli ambayo waandishi wa Katiba hawakuitazamia. Sisi tunajua mjumbe ni nani. Ni mtu anayebeba neno la mwenziwe. Ndiyo maana tunasema mjumbe hauawi: neno si lake. Lakini watu wa 1787 hawakumtaka mtu wa namna hiyo. Walimtaka mzee wa baraza, aketi, apime, atoe hukumu yake mwenyewe. Waliota mzee, vyama vikawaletea mjumbe. Yote nitakayosema leo yamo ndani ya mgeuko huo.

Mara mbili za kwanza mgeuko haukuonekana, kwa kuwa George Washington hakuwa na mpinzani. Mwaka 1789 wajumbe wote 69 walimwandika, na mwaka 1792 wote 132. Lakini ndani ya serikali yake mwenyewe watu walikuwa wameshagawanyika. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, alitaka serikali kuu yenye nguvu na benki ya taifa; Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje, aliiogopa hiyo nguvu. Waliomfuata Hamilton wakaitwa Federalist, wa Jefferson wakaitwa Republican, na msiwachanganye na Republican wa leo, ambao ni chama kilichozaliwa mwaka 1854. Washington alipoaga mwaka 1796 alionya juu ya roho ya vyama. Onyo hilo lilichapishwa Septemba. Kabla ya mwaka kwisha, wajumbe walikuwa wameshapiga kura kwa mstari wa vyama.

John Adams wa Federalist alipata kura 71. Jefferson, mpinzani wake, alipata 68. Kwa kanuni ya Katiba, wa kwanza akawa rais na wa pili makamu wake, watu wawili wasiokubaliana wakawekwa katika nyumba moja kwa miaka 4.

Pennsylvania kulikuwa na mjumbe aitwaye Samuel Miles. Alichaguliwa kwa tiketi ya Federalist, halafu akampa Jefferson kura yake. Kwa Katiba ilivyoandikwa, hakukosea kitu. Ametumia akili yake kama alivyotakiwa. Lakini mpiga kura mmoja wa Federalist aliandika gazetini kwa hasira kwamba hakumchagua Samuel Miles ili amwamulie nani awe rais. Alimchagua atende, si afikiri. Ndugu zangu, hasira ile tunaijua. Ni hasira ya familia iliyomtuma mshenga akapose kwa mzee fulani, naye akaenda kuposa nyumba ya jirani. Miaka 9 tu baada ya Philadelphia, wananchi walikuwa wameshamtaka mshenga, wala hawakumtaka mzee tena.

Kuna jambo jingine katika hesabu ile ya 1796. Adams alihitaji kura 70, akapata 71. Kura moja katika hizo ilitoka Virginia na moja North Carolina, majimbo ya Jefferson, kwa sababu huko wajumbe walichaguliwa wilaya kwa wilaya, na wilaya mojamoja ilikwenda na Adams. Mpeni Jefferson mbili hizo: Adams anabaki na 69, Jefferson anapanda hadi 70, na rais ni mwingine.

Watu wa Jefferson walizihesabu kura hizo kama tunavyozihesabu leo. Januari 1800 Jefferson alimwandikia James Monroe kwamba kuchagua kwa wilaya ndiko bora, laiti kungefanywa na wote. Lakini maadamu majimbo 10 hayafanyi hivyo, ni upumbavu kwa 6 yaliyobaki kuendelea. Mwezi huohuo Virginia ikabadilisha sheria: atakayeshinda jimbo anachukua wajumbe wote. Massachusetts, ngome ya Adams, ikajibu kwa kuwanyang'anya wananchi kura hiyo na kulikabidhi bunge la jimbo, ili asipotee hata mjumbe mmoja. Na Maine wakati huo ilikuwa sehemu ya Massachusetts. Watu wa ardhi hii tunayoikanyaga walipokonywa kura ya rais mwaka 1800, na si kwa vita wala njaa. Chama kilihitaji wajumbe 16 badala ya 14 au 15.

New York nako bunge la jimbo ndilo lililochagua wajumbe, na Aaron Burr alifanya kampeni mtaa kwa mtaa hadi chama chake kikalishinda bunge hilo. Hamilton akamwandikia gavana John Jay, wa chama chake mwenyewe, akimwomba aite bunge la zamani libadilishe kanuni kabla jipya halijaapishwa. Jay aliiweka barua ile kando, akaandika juu yake kwamba ni pendekezo la manufaa ya chama, na kwamba kulifuata hakumpasi. Mimi kila nikifundisha habari hizi husimama kwa Jay. Alijua chama chake kitashindwa, na kikashindwa.

Halafu likaja lililowashtua wote. Nidhamu ya chama ilikuwa imekaza kiasi kwamba wajumbe wote 73 wa Republican waliandika majina yaleyale mawili, Jefferson na Burr. Kila mtu alijua Jefferson ndiye wa urais na Burr ni makamu. Lakini karatasi haikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Sare, 73 kwa 73. Federalist walilikumbuka hilo mapema: mjumbe wao mmoja alimnyima kura mgombea wao wa pili akampa John Jay. Republican hawakufanya hivyo, na uamuzi ukaenda katika Baraza la Wawakilishi, ambalo bado lilikuwa mikononi mwa wapinzani wao.

Kuanzia Februari 11, 1801, walipiga kura, wakarudia, wakarudia tena. Majimbo 8 kwa Jefferson, 6 kwa Burr, 2 yamegawanyika. Mshindi alihitaji 9. Mara 35 matokeo hayakutoa rais. Hamilton, aliyempinga Jefferson maisha yake yote ya siasa, aliwasihi Federalist wenzake wasimpe Burr nchi. Februari 17, katika kura ya 36, James Bayard, mwakilishi pekee wa Delaware, akalegeza, na Jefferson akapita kwa majimbo 10.

Mwaka 1804 Marekebisho ya 12 yakapitishwa: rais apigiwe kura yake, makamu ya kwake. Someni kifungu hicho, hamtaona neno chama. Lakini ni chama kilichokiandika. Kuanzia hapo mgombea na mgombea mwenza wanatembea pamoja, na yule makamu aliyekuwa mtu wa pili kwa heshima nchini akawa mtu anayeteuliwa ili kuvuta jimbo fulani au kundi fulani la wapiga kura. Mwaka huohuo, Julai, Burr alimuua Hamilton kwa bastola katika pambano la wawili huko Weehawken, New Jersey.

Mchezo huo ambao Virginia iliuingia mwaka 1800 ulienea kama moto wa nyasi. Jimbo lenye chama kikubwa halikuwa na sababu ya kugawana wajumbe na chama kidogo. Kufikia 1836 majimbo yote yalikuwa yanampa mshindi wajumbe wote, isipokuwa South Carolina, ambako bunge la jimbo liliendelea kuchagua hadi 1860. Leo watu husema Katiba ndiyo inayotaka mshindi achukue kura zote. Haitaki hivyo. Ni majimbo yaliyoamua, kwa maslahi ya vyama vilivyoyatawala. Maine ni shahidi: ilipokuwa jimbo mwaka 1820 ilichagua kwa wilaya, na mwaka 1828 ikampa John Quincy Adams wajumbe 8 na Andrew Jackson 1. Kisha nayo ikafuata mkumbo.

Na nani alikuwa anaamua mgombea? Mwanzoni, wabunge wa chama walijifungia Washington wakapanga jina. Mwaka 1824 walipokutana kumteua William Crawford walihudhuria 66 tu, na wengine watatu wakagombea bila kujali uteuzi huo. Jackson aliongoza kwa wajumbe 99, lakini alihitaji 131. Baraza la Wawakilishi likampa urais John Quincy Adams, aliyekuwa na 84. Adams akamteua Henry Clay, aliyemuunga mkono barazani, kuwa waziri wa mambo ya nje, na wafuasi wa Jackson wakapiga kelele ya biashara chafu kwa miaka 4 mpaka wakashinda. Uteuzi wa wabunge ukafa hapo. Chama kidogo cha Anti-Masonic kikaitisha mkutano mkuu wa kitaifa Baltimore mwaka 1831, na vyama vikubwa vikaiga. Ilikuwa hatua ya kweli: mkulima au mfua chuma angeweza kutumwa na wilaya yake kwenda kumteua rais mtarajiwa. Lakini mikutano hiyo ikaja kuwa ya wakubwa wa vyama wa miji na majimbo. Mwaka 1924, New York, Democratic walipiga kura mara 103 ndipo wakampata John W. Davis, na nchi ikamkataa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa panatuhusu sisi wenye ngozi hii.

Kusini, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada ya watu Weusi kunyang'anywa kura waliyoipata, kulibaki chama kimoja chenye nguvu, Democratic. Mchujo wake ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Wa Novemba ulikuwa kupiga muhuri. Na chama kilisema: sisi ni kama klabu, tunachagua wanachama wetu, na hatuwataki Weusi. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu iliikubali hoja hiyo. Katiba ilimlinda mtu Mweusi mbele ya serikali, na chama kikasema mimi si serikali. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, alikataa. Thurgood Marshall alimtetea, na mwaka 1944 Mahakama ikageuka, majaji 8 kwa 1: mchujo ni sehemu ya uchaguzi, na mlango wake haufungwi kwa rangi.

Hata hivyo, miaka 20 baadaye Mississippi ilikuwa ikipeleka wajumbe weupe watupu kwenye mkutano mkuu wa Democratic. Fannie Lou Hamer, mtoto wa 20 katika familia ya wakulima wa pamba, alifukuzwa katika shamba alilofanya kazi miaka 18 kwa sababu alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1963 alipigwa gerezani Winona hadi mwili ukavimba. Agosti 1964 alikwenda Atlantic City na wenzake wa chama walichokiunda, Mississippi Freedom Democratic Party, wakakaa mbele ya kamati ya mkutano mkuu wakadai viti. Hamer alieleza kipigo kile mbele ya kamera. Rais Lyndon Johnson aliitisha mkutano wa waandishi papo hapo ili kamera zimwache. Televisheni zikarudia ushahidi wake jioni, na nchi ikausikia. Walipewa viti viwili. Wakavikataa. Mwaka 1968, Chicago, Hamer aliingia ukumbini akiwa mjumbe halali.

Mkutano huohuo wa Chicago ulimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushiriki mchujo hata mmoja, huku polisi wakiwapiga vijana barabarani. Chama kikaunda tume, ya George McGovern na kisha Donald Fraser, ikataka wajumbe wa chama wapatikane kwa njia zilizo wazi kwa wanachama. Majimbo mengi yaliona njia rahisi ni mchujo, na Republican nao wakaingia humo kwa kuwa sheria za majimbo zilibadilika kwa wote. Tangu 1972 mkutano mkuu kwa kawaida hupokea jina lililokwisha kupatikana. Mchujo wenye nguvu hiyo, mnaouona kama mila ya kale ya Marekani, una umri wa mtu ambaye hajastaafu.

Sasa, kijana wangu, kura yako ya Machi. Ulipoitia alama, ulimpa mgombea wako viti vya wajumbe wa chama, watu wa kwenda kwenye mkutano mkuu kwa niaba yake. Mgombea akijitoa, wajumbe wale wanabaki bila neno la kubeba, na kwa muda mfupi wanakuwa wazee tena, wanaamua wenyewe. Katiba haina la kusema hapo. Kanuni zilizotumika ni za chama, na zimeandikwa na wanachama waliokwenda kwenye vikao. Inauma, najua. Kura yako haikuibwa, ila ilikuwa imekabidhiwa kwa watu ambao hukupewa nafasi ya kuwajua.

Desemba 19, 2016, wajumbe wa uchaguzi wa Maine walikutana Augusta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1828 kura zao kugawanyika, kwa sababu Maine iliirudisha njia ya wilaya kuanzia uchaguzi wa 1972: wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo zima, na mmoja kwa kila wilaya ya ubunge. Hillary Clinton alipata 3, Donald Trump 1, ile ya wilaya ya pili, ya ndugu zetu wa Lewiston. Siku hiyo mjumbe mmoja wa Democratic aliandika jina la Bernie Sanders. Akaambiwa haifai, akaandika upya, Clinton. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba jimbo laweza kumlazimisha mjumbe kutii. Hukumu ya yule mpiga kura wa Pennsylvania wa 1796 ikawa sheria baada ya miaka 224.

Hapa kwetu, sheria iliyoanza kutumika 2024 inamruhusu asiye na chama kupiga kura katika mchujo wa chama kimoja anachokichagua. Lakini katika mikutano ya chama ya kila mji, inayochagua watu wa kwenda mkutano wa jimbo, anayepiga kura ni mwanachama aliyeandikishwa. Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna sehemu ya kutaja chama. Wengi wenu mliiacha wazi, wengine kwa kuogopa, kwa sababu huko tulikotoka kadi ya chama ilimponza baba au kaka. Sitawaambia mtaje kipi, wala kwamba lazima mtaje. Nawaambia tu kwamba vikao vile hufanyika kwenye kumbi za shule kama hii, vingine huwa na watu wachache kuliko walioketi hapa leo, na humo ndimo wanamotoka wale wajumbe wa Agosti. Fomu ziko mezani karibu na mlango. Nitabaki hapa mpaka mwenye swali la mwisho aulize.